Nilimsema Fundi Rama kwa Mteja Wake

Leo nimeaibika, tena nikiwa na kipande cha kiazi mdomoni. Naandika hapa mwenyewe kabla hamjasikia kwa mwingine, na pia kwa sababu nimeagizwa niandike. (Aliyeniagiza mtamjua.)

Niwakumbushe kwanza. Wiki mbili zilizopita niliandika kwenye kundi letu hili kwamba Fundi Rama wa pale mjini Singida ameniulia injini. Wengi mlinipa pole. Wawili mkasema hata nyie mlikuwa na wasiwasi naye. Mmoja, simtaji, aliweka picha ya jeneza.

Ilikuwa hivi. Nilitoka nyumbani Ilongero naelekea Mtinko, mwalimu mwenzangu alikuwa amefiwa. Gari langu lile dogo la buluu mnalijua, nimelitumia miaka tisa. Njiani taa ya oili ikawaka. Nikajiambia hiyo ni taa tu. (Mimi ni mwalimu wa fizikia. Endeleeni kusoma.) Haukupita muda injini ikaanza kugonga kama mtu anayetwanga uwele kwa hasira, halafu ikanyamaza. Nikajaribu kuwasha, ikatoa mlio mmoja wa chuma, basi. Imenoki, yaani imekufa kabisa.

Nilirudishwa nyumbani na ng'ombe wanne wa kulimia wa mzee mmoja aliyekuwa anatoka shambani. Mimi nimekaa kwenye usukani, nimevaa suti ya msibani, na kila tuliyempita alinisalimia kwa heshima. Nilikuwa napunga mkono.

Nilipofika nikaanza kazi ya kutafuta wa kumlaumu, na haikuchukua muda. Fundi Rama ndiye aliyenibadilishia oili mwezi mmoja kabla. Siku ile aliniambia injini imezeeka na inakunywa oili, kwa hiyo niwe naipima kila baada ya siku chache na kuongeza. Oili iliyobaki akanipa kwenye dumu la njano, nikaliweka stoo. Nikawa napima na kuongeza kwa bidii zote. Niliisifia hata ile oili kwa mke wangu, Mama Joeli. Nilimwambia oili za siku hizi zimeendelea sana, hazichafui mikono na wala hazina harufu kali.

Sasa mtu aliyefuata masharti yote, gari linamfiaje? Nikaona jibu ni moja: alinipa oili feki. Sikumpigia simu kumwuliza. Sikumpelekea gari alitazame. Nililifunika turubai nyuma ya nyumba, nikaanza kumtangaza. Nilimtangaza ofisini kwa walimu, nikamtangaza baada ya ibada, nikamtangaza na humu.

Lakini kumtangaza fundi hakukufikishi popote. Mama yangu mzazi ana kliniki ya macho mjini kila mwezi, na kwenye bodaboda hapandi, ameshasema hata akipofuka hapandi. Nikawa sina budi kutafuta gari lingine haraka. Wiki hii nikasikia kuna mama mmoja mjini, upande wa Ziwa Kindai, anauza gari la marehemu mumewe. Mkunga mstaafu, anaitwa Mama Naomi. Nikampigia juzi. Hakuuliza nina shilingi ngapi. Aliuliza jina langu, akauliza kazi yangu, akauliza gari nililokuwa nalo limepatwa na nini. Nikamwambia hilo la mwisho nitamweleza nikifika, kwa kuwa ni habari ndefu. Akasema sawa, nije Jumamosi, yaani leo, ila nijue kwamba yeye hauzii kila mtu. Wameshakuja watatu na amewakataa.

Leo asubuhi nikapanda boda mpaka mjini. Nimevaa shati la kola. Nikamkuta Mama Naomi uani kwake, pamoja na mwenyekiti wa mtaa aliyeitwa kushuhudia mkataba. Nikatoa shikamoo zangu mbili, zikapokewa. Gari liko pale chini ya banda, jeupe, dogo, limeoshwa. Nililipenda hapohapo, lakini mnunuzi haonyeshi.

Nikalizunguka mara mbili. Nikapiga tairi teke la kitaalamu. Nikafungua boneti, nikachomoa kipimo cha oili, nikakifuta, nikakirudisha, nikachomoa tena, nikakiinua kwenye mwanga.

"Oili ni safi kabisa," nikatangaza.

"Umejuaje, mwalimu?" Mama Naomi akauliza.

"Kwa rangi yake, mama."

Akanitazama kidogo, akasema chai imeshaiva.

Tukakaa kibarazani. Chai ya maziwa, viazi vitamu vya kuchemsha, karanga. Mama Naomi akasema haya sasa, nimweleze lile gari la kwanza limekufaje. Ndugu zangu, nilimweleza. Nilieleza kwa mpangilio kama niko darasani. Nikasema kuna fundi mmoja hapa mjini, jina lake Rama, hana elimu yoyote, anawekea watu oili chakavu ya kuchuja, na serikali ingekuwa makini angekuwa ndani muda huu. Nikamwambia na yeye ajihadhari. Nikamwambia gari zuri kama lile asikubali hata siku moja mtu wa namna hiyo aliguse.

Mama alikuwa ananisikiliza, ananiongezea chai. Mwenyekiti alikuwa anaangalia karanga zake. Nilipopumzika kidogo mama akauliza swali moja tu.

"Na yeye ulipomwuliza alisemaje?"

Nikasema nimwulize nini, mama, na injini imeshakufa. Halafu nikachukua kiazi kingine, maana mtu akisema sana anasikia njaa.

Hapo pikipiki ikasimama nje. Mama Naomi akasema huyo ni fundi wake, amemwita aje anielekeze lile gari linavyotunzwa, kwa sababu ndiye aliyelihudumia tangu marehemu yuko hai. Mlango wa ua ukafunguliwa. Akaingia Fundi Rama, na begi lake la spana begani.

Singida ni mji mdogo. Hilo ninalijua tangu nizaliwe. Leo sijui lilinitoka vipi.

Akamwamkia mama, akamwamkia mwenyekiti, akanipa mkono na mimi, akauliza habari za Ilongero. Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote. Nilikuwa na kile kiazi, kimekaa katikati ya koo, hakipandi wala hakishuki.

"Kaa, Ramadhani," mama akasema. "Mwalimu alikuwa ananipa habari zako. Mwalimu, endelea, mwenyewe amefika."

Nilimeza bila kutafuna. Machozi yakanitoka, na sijui waliyaelewaje.

Basi Mama Naomi akasema yeye. Alisema juzi nilipompigia simu, alimwuliza Rama kama ananifahamu, kwa kuwa hawezi kuuza gari la mumewe kwa mtu asiyejua atalitunzaje. Na Rama akamjibu amwuzie mwalimu, ana hasira za haraka lakini ni mtu mzuri, na mama yake mzee anahitaji usafiri.

"Wale watatu niliwakataa mwenyewe," mama akasema. "Wewe ulikubaliwa na huyu."

Jamani. Laiti angenitukana.

Fundi Rama akafungua begi, akatoa chupa ya soda iliyofungwa vizuri. Ndani kulikuwa na kitu cha kahawia, kizito, kinashuka polepole kwenye kioo kama ulimbo wa kunasia ndege. Akaniambia kwamba maneno yangu yalimfikia tangu siku ya kwanza. Wateja wawili wameshamkimbia. Alifikiri aje tugombane, akaona haitasaidia. Kwa hiyo jana, nikiwa shuleni, alikwenda nyumbani kwangu, akaomba ruhusa kwa Mama Joeli na kumwomba asiniambie kwanza, akafunua turubai, akafungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, akachota.

"Nusa, Mwalimu."

Nikanusa. Nikanusa tena, kwa sababu sikuamini. Mwenyekiti akaninyang'anya chupa, akanusa na yeye.

"Mbona hii ni chipsi," akasema.

Bado nilikuwa najitetea, nawaambieni ukweli. Nikasema labda oili ikiungua sana hutoa harufu kama hiyo, kuna maelezo yake. Fundi hakubishana. Akauliza tu lile dumu lake nililiweka wapi. Nikasema stoo. Stoo kuna nini kingine? Nikasema kuna alizeti ya Mama Joeli, tumekamua msimu huu, imo kwenye...

Nikaishia hapo. Kwenye madumu ya njano.

Mama Naomi akasema tumpigie mke wangu. Simu yangu spika ya sikioni imekufa, kwa hiyo ni lazima niweke sauti kubwa. (Ndiyo, wote walisikia.) Nikamwuliza Mama Joeli, taratibu, kama kuna dumu lolote la mafuta ya kupikia lililokuwa na shida. Akasema, "Baba Joeli, si nilikwambia? Lile nililokaangia maandazi, moshi ukajaa jiko zima, maandazi yakanuka gereji. Nililimwaga lote. Na wewe ukanieleza kuwa alizeti ikinyeshewa hubadilika harufu."

Nilimweleza, kweli. Nilimchorea na molekuli.

Fundi Rama akasogea karibu na simu, akamsalimia, akamweleza kwa upole nilichokuwa naongeza kwenye injini kwa mwezi mzima. Kisha Mama Joeli akasema neno moja la Kinyaturu ambalo siwezi kuliandika humu, kuna wachungaji. Mama Naomi alilielewa, akaficha uso kwa kanga. Halafu mke wangu akasema, sauti imeshuka, kwamba yeye alikwenda mpaka kwa baba wa mashine ya kukamua, akamsema mbele ya watu kwamba ametukamulia uchafu.

Mwenyekiti akainuka, akasema anakwenda kutazama pikipiki yake. Hana pikipiki. Tulimsikia nyuma ya ukuta akicheka mpaka kuku wakatawanyika.

Nilisimama. Sikujua mtu huanzaje, ila nilianza. Nikamwambia Fundi Rama nimemkosea, kwamba nilimhukumu bila kumwuliza, na kwamba nilichokifanya kwenye gari ni uzembe lakini nilichokifanya kwenye jina lake ni dhambi. Wanafunzi arobaini na tano darasani hawajawahi kunitisha hivyo.

Aliifuta ile chupa kwa kitambaa.

"Gari linakufa, linanunuliwa lingine," akasema. "Mimi gereji yangu ni jina tu, Mwalimu. Umeniharibia kwenye kundi. Nenda ukanitengeneze hukohuko."

Mama Naomi akasema na yeye anaunga mkono hilo, na kwamba nisipoandika leo, kesho gari linarudi. Ndiyo maana naandika.

Nilikuwa nimeshadhani biashara imekufa, lakini mama akamwita mwenyekiti arudi, akaagiza mkataba uletwe. Akasema ananiuzia kwa ajili ya mama yangu, si kwa ajili yangu. Ila kabla hatujasaini aliomba kiongezwe kipengele, na mwenyekiti akakiandika kwa mkono wake, herufi kubwa, akagonga na muhuri: "Mnunuzi hataruhusiwa kufungua boneti bila Fundi Ramadhani kuwepo." Nimesaini. Nina shahada ya sayansi, na nimesaini.

Fundi akanielekeza gari kwa nusu saa, kila kitu, bila kunikejeli hata mara moja. Alipomaliza akanisindikiza kwa pikipiki mpaka nilipotoka mjini, asikilize injini inavyokwenda barabarani. Nilikuwa namwona kwenye kioo, anakuja polepole nyuma yangu na upepo ule wetu unampiga shati. Akanipungia mkono, akageuza. Nikaendesha mpaka Ilongero bila kuwasha redio.

Mama yangu amelikagua gari kwa kulipapasa, amesema viti ni vizuri na kesho tusichelewe ibada. Mama Joeli amelizunguka mara moja, amefurahi, halafu amenyoosha kiganja. Nikampa ufunguo wa stoo. Kesho mchana, tukitoka kanisani, safari ya kwanza ya gari jipya ni kwenda kwa baba wa mashine. Yeye atabeba jogoo, mimi nitaendesha, na kila mmoja ataomba radhi yake.

Basi, yale yote niliyoandika humu kuhusu Fundi Rama ni uongo, na wale wawili mliosema mlikuwa na wasiwasi naye, nanyi jipangeni. Aliyeweka jeneza, liondoe. Fundi nimemwingiza kwenye kundi jioni hii, namba mpya mnayoiona hapo chini ni yake, na hadi sasa hajacheka. Msalimieni kwanza yeye. Mimi nichekeni kuanzia Jumatatu.