Sensa ya Magari ya Mzee Masalu

Asubuhi moja ya mwaka tisini na tano, Nkwabi alikuwa anakunywa chai kwenye mgahawa mmoja karibu na soko kuu la Mwanza, hana kazi wala safari, alipomwona mtu mnene wa kaunda suti akigombana na dereva wa teksi. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kijinga. Dereva alizunguka mara tatu ndani ya uwanja wa kuegesha magari akitafuta nafasi, akavunja taa ya gari la mwenzake, na sasa anamlaumu mwenye uwanja.

“Nafasi zipo,” alisema yule mnene.

“Zipo wapi?”

“Zipo. Uwanja wangu haujawahi kukosa nafasi.”

Nkwabi akaweka kikombe chini. Mtu mwenye mali asiyoweza kuionyesha ni mtu wa kusaidiwa, na Nkwabi alijaliwa moyo wa kusaidia watu wa namna hiyo. Alishawasaidia wengi Tabora na Kahama, ambako mpaka siku hiyo walikuwa wanamtafuta wamshukuru.

Yule mnene aliitwa Mzee Masalu. Zamani alikuwa karani wa pamba. Biashara ilipofunguliwa, akaamka asubuhi moja akiwa na uwanja wa ghala la pamba, na waliojua ulivyofika mikononi mwake walikuwa wastaarabu, hawakuuliza. Siku hizo kila mwenye shemeji Dubai aliagiza gari lililotumika, milango bado ina maandishi ya Kijapani. Mji ukajaa magari yasiyo na pa kusimama. Masalu akachora mistari ya chokaa, nafasi thelathini, akamweka mwanamke mmoja aitwaye Getruda getini na daftari, kisha akaanza kujiita mkurugenzi.

Baada ya siku mbili Nkwabi alifika pale amevaa tai na koti, mkononi ana mkoba mweusi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Kama ni ushuru, nimeshalipa.”

“Mimi si mtu wa ushuru. Ni Injinia Nkwabi, mtu wa sensa.”

“Sensa ilipita mwaka themanini na nane,” Masalu alisema. “Walinihesabu mimi na nyumba yangu yote.”

“Ile ilikuwa ya watu, mzee. Hii ni ya magari. Chombo kinakaa kwenye nafasi. Gari likiingia, kinalihisi, na taa nyekundu inawaka getini. Likitoka, inawaka ya kijani. Mteja anajua nafasi ilipo kabla hajaingia. Nairobi siku hizi mtu haegeshi gari mahali pasipo na sensa.”

Getruda aliinua uso kutoka kwenye daftari. “Mzee, mimi nikisimama hapa naziona zote thelathini.”

“Unaziona kienyeji,” alisema Masalu.

Tangu aitwe mkurugenzi, hakuna kitu alichokiogopa Masalu kama ukienyeji. Alimwambia injinia alete vyombo, avione, achague mwenyewe.

Alhamisi vikaletwa, vitatu, vikapangwa juu ya meza. Nkwabi alivieleza kwa utulivu wa daktari.

“Hii ya kwanza ni ya macho. Inapeleka mwanga, gari likikatiza inajua. Ubaya wake ni vumbi. Likikaa juu yake, itakuambia gari lipo mwaka mzima. Ya pili ni ya sauti. Inapiga sauti ambayo sikio la mtu halisikii, ikigonga gari inarudi. Ni kama popo.”

“Popo simtaki kwenye biashara yangu.”

“Hujakosea, mzee. Hata korongo akitua, hii inamhesabu gari. Ya tatu ni ya sumaku. Inafukiwa ardhini, inahisi chuma. Haijali vumbi, haimtambui korongo, na mwizi hajui ilipo.”

Tapeli anayeponda bidhaa zake mwenyewe huaminiwa kuliko padri. Ukweli ni kwamba ya kwanza ilikuwa kioo cha tochi mbovu, ya pili spika ya redio iliyokufa, na ya tatu kopo la mafuta ya kujipaka lililojazwa saruji. Taa mbili tu ndizo zilizokuwa na uhai, nazo ziliwashwa na rimoti ya gari la kuchezea watoto, iliyokuwa kwenye mfuko wa kulia wa koti.

Kopo likafukiwa. Peugeot ya Masalu ikaingizwa kwenye nafasi, taa nyekundu ikawaka. Ikatolewa, ikawaka ya kijani. Masalu aliagiza irudiwe mara saba, na mara ya saba alikuwa anacheka peke yake.

Getruda hakutazama taa. Alitazama mkono wa injinia. Kila taa ilipobadilika, mkono ulikuwa mfukoni. Mara moja Nkwabi alipiga chafya, akautoa mkono kufuta pua. Gari likaingia, likasimama, na taa ikabaki kijani mpaka alipomaliza kamasi zake.

Getruda angeweza kusema. Lakini bosi wake alikuwa ameshamwambia, tena mbele ya madereva, kwamba sensa zikifungwa hatahitajika tena. Miaka mitano alikaa getini pale, jua lake na mvua yake. Akafunga daftari.

Masalu alichagua ya sumaku, nafasi zote thelathini. Akampa injinia bahasha nene ya kaki aende Nairobi kuzinunua. Stakabadhi hawakuandikiana, kwa kuwa Nkwabi alimweleza kwamba stakabadhi huita watu wa kodi, na Masalu alimwona kijana mwenye busara.

Nkwabi alipofika getini, Getruda alimsimamisha.

“Kaka injinia, hicho kitufe cha mfukoni kinauzwa peke yake?”

Nkwabi alitazama nyuma. Masalu alikuwa bado anapiga magoti kwenye lile kopo.

“Dada, unataka nini?”

“Mimi nakuonea huruma tu. Mzee ametuma mpwa wake stendi akukatie tiketi ya Nairobi, tena asafiri na wewe mpaka huko.”

Habari hiyo haikumpendeza Nkwabi.

“Kuna pikapu pale ya Mzee Okeyo, mnunuzi wa samaki,” Getruda akaendelea. “Amehamia Kisumu, kaniachia niiuze. Funguo hizi, kadi imo ndani.”

“Unataka ngapi?”

“Hiyo bahasha.”

“Yote?”

“Na wewe unachukua pikapu yote.”

Nkwabi aliipima pikapu kwa macho. Thamani yake ilikuwa mara nne ya bahasha. Akamcheka kimoyomoyo yule mwanamke asiyejua bei ya gari. Kwa miaka kumi alikuwa ameishi kwa tamaa za watu, akadhani yeye hakupewa. Akatoa bahasha, hakubakiza hata nauli.

Okeyo hakuwa Kisumu. Alikuwa Ukerewe, amefuata sangara kama kila wiki, na angerudi kwa boti ya mchana huo. Funguo alimwachia Getruda asogeze gari likiziba njia. Na kwa kuwa hakumwamini mtu yeyote, hakuacha kamwe petroli ya zaidi ya kufika kituo cha mafuta.

Pikapu ilizimika Mkuyuni, mjini humo humo. Nkwabi akaisukuma jasho likimtoka mpaka kwenye pampu, akaanza kumweleza muuzaji faida za kubadilishana lita ishirini na tairi la akiba.

“Hapa tunapima kwa pesa, kaka,” alisema muuzaji.

Alikuwa bado anaeleza polisi walipofika, Okeyo akiwa nao. Getruda alikuwa ameshalia mbele ya bosi kwamba injinia amechomoa funguo msumarini na kuondoka na gari la mteja. Bosi akalifukua lile kopo, akakuta saruji tupu.

Kituoni, Sajenti Kija alifungua kitabu.

“Nililinunua,” alisema Nkwabi.

“Kwa nani?”

“Kwa huyu dada.”

“Mimi, afande?” Getruda alijifuta macho kwa kitenge. “Niuze gari la mtu?”

“Ulimlipa pesa?” sajenti akamuuliza Nkwabi.

“Nilimlipa.”

“Pesa za nani?”

Nkwabi akamtazama Masalu. Masalu akatazama dari. Kando yake alisimama Okeyo, mtu wa maneno katika kila mwalo wa ziwa. Okeyo akisikia kwamba mkurugenzi amelipia makopo ya saruji yamwonyeshe magari anayoyaona kwa macho, kufikia Jumapili Musoma nzima ingekuwa inacheka.

“Mzee Masalu, huyu unamfahamu?” sajenti akauliza.

“Alikuja kuulizia nafasi ya kuegesha.”

Nkwabi akapiga hesabu. Akitaja pesa, atataja alichouza. Akitaja alichouza, barua itakwenda Tabora na nyingine Kahama. Wizi wa pikapu ambayo haikutoka hata mjini ulikuwa na unafuu wake. Wezi aliwadharau siku zote, aliwaona watu wasio na kichwa.

“Andika nimeiba,” alisema.

Sajenti akaandika. Getruda akaomba ruhusa arudi kwake Kiseke, akisema moyo unamwenda mbio. Masalu, ambaye alitamani kila mtu aondoke pale haraka, akamruhusu, na kwa kuwa Okeyo alikuwa anatazama, akampa na nauli. Getruda akaipokea kwa mikono miwili na kupiga goti, kama alivyolelewa kwao.