Chuku Yangu Kwenye Kaunta ya Polisi

Jamani, leo nimejivua nguo mbele ya polisi. (Nguo ninazo. Hiyo ni sitiari. Ndiyo kazi yangu, na ndiyo iliyoniponza.)

Kwa wasionijua: mimi ni Mkenya, mtu wa Bungoma, huu mwaka wa tisa nafundisha Kiswahili shule moja ya binafsi hapa Makindye, ng'ambo ya mpaka. Jumamosi nafundisha pia maaskari wanaotaka kunoa Kiswahili chao. Mwezi huu tuko kwenye tamathali za semi. Mnazikumbuka: tashbihi ya kufananisha, tashihisi ya kukipa kitu uhai wa mtu, na chuku ya kutia chumvi mpaka msikilizaji aombe maji.

Asubuhi nafika shule, napapasa begani, mfuko haupo. Ndani yake kuna mitihani arobaini ya Sinia Tu, yaani kidato cha pili, nimeshaisahihisha, na wazazi wanakuja kuchukua matokeo saa nane. Muhula uliopita nilipoteza rejista ya darasa. Madam, mwalimu mkuu wetu, akaniambia nikipoteza kitu kingine nitafute na shule nyingine. Basi ulimi ukawahi kabla ya akili.

"Madam, jana jioni nilivamiwa. Wezi wamenipora mfuko."

Hata pole hakunipa. "Niletee barua ya polisi kabla ya saa sita. Bila barua, usirudi."

Nikaenda kituoni. Kaunta namkuta nani? Konstebo Akello, mama mmoja wa kaskazini, mwanafunzi wangu wa Jumamosi, mwenye bidii kuliko darasa zima. Wiki iliyopita alinisumbua na swali moja: chuku na uongo vinatofautianaje? Nikamwambia aende akaliandike kama zoezi. Akaandika: "Chuku ni uongo ambao anayesema anajua, na anayesikia pia anajua." Nikampa mbili kwa kumi. (Nilikuwa na njaa. Tena jibu lenyewe mimi sikuwa nalo.)

"Karibu, Mwalimu. Nini imekupata?"

"Afande, nimeibiwa. Wanaume watatu, warefu kama nguzo za umeme."

Akaandika. Halafu pembeni ya karatasi akaandika neno lingine, akalipigia mstari. "Tashbihi," akasema, anatabasamu.

Hapo ndipo nilipopotea. Mwalimu ukiona mwanafunzi ameelewa, unasahau hata kilichokuleta. Nikasogea karibu na kaunta. Nikampa ngumu zaidi.

"Giza lilikuwa linanitazama tu, halikunisaidia."

"Tashihisi."

"Nikapiga kelele mpaka wafungwa wa gereza la Luzira wakanisikia."

"Chuku. Luzira ni mbali." Akafikiria kidogo. "Wewe unajua sana kufundisha, Mwalimu."

Nikavimba kichwa. Nikaongeza panga. Nikaongeza bastola. Nikasema mmoja wao nilimtupa mtaroni kwa mkono mmoja. (Mkono wenyewe mmeuona. Hata nusu gunia la mkaa unashindwa.) Watu waliokuwa kwenye benchi wakisubiri zamu wakaacha mambo yao, wakanisikiliza mimi.

Ndipo akaingia Nnalongo. Huyu ni mama wa mapacha anayeuza roleksi, zile chapati za kuviringisha na mayai, karibu na kwangu. Anahema. Mkononi ana mfuko wangu.

"Mwarimu, pole sana! Mimi natoka shule yako. Mtu wa geti anasema wezi walitaka kuua wewe, umekuja hapa polisi." Akauweka mfuko kaunta. "Walikupiga saa ngapi? Kwa sababu jana umekula roleksi mbili kwa mimi, ukaenda ukiongea na simu, mfuko ukabaki kwa benchi. Mimi nimelala nayo kwa nyumba."

Benchi zima likageuka kunitazama. Nikatamani sakafu inimeze. (Tashihisi. Sikuthubutu kuitaja.)

Akello akaufungua mfuko, akaona mitihani, akahesabu mpaka arobaini. Akaifunga kalamu yake polepole.

"Mwalimu. Kusema uongo kwa polisi ni kosa. Hao watu wa Luzira waliosikia kelele yako, unataka kwenda kuwasalimia?"

"Hapana, Afande."

"Basi nisaidie. Hapa chini naandika nini? Chuku ama uongo?"

Jasho likanitoka, tena la kweli. "Chuku, Afande."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu… mimi nilijua si kweli. Na wewe pia ulijua."

"Tangu ile bastola, nilijua." Akainama chini ya kaunta, akatoa daftari lake la Jumamosi, akalifungua kwenye ile mbili kwa kumi. Akanisogezea. Nikatoa kalamu yangu nyekundu mfukoni, mbele ya benchi zima, nikakata mbili, nikaandika kumi. Nnalongo akachungulia, akanikumbusha niweke na sahihi.

Barua nilipewa. Ina muhuri wa kituo. Inasema: "Mfuko umepatikana. Mwalimu hakuibiwa. Alipiga chuku."

Nimemfikishia Madam saa sita kasoro dakika tano. Ameisoma mara mbili, akanitazama mara moja. Kazi bado ninayo. Ila maelezo yangu yote ya polisi, yenye nguzo za umeme na bastola, Akello alikuwa ameyaambatisha na barua, na Madam ameamua ndiyo yatakuwa ufahamu wa mtihani ujao wa Sinia Tu. Swali la kwanza: tambua tamathali zote alizotumia msimulizi. Kusahihisha nasahihisha mimi.

Naomba msicheke. Na atakayeniandikia hapa kwamba amecheka mpaka mbavu zimevunjika, Akello anataka kuziona.