Safari Yangu ya Ng'ambo

Jamani, leo nimepatikana. Msinicheke kwanza, ngojeni nimalize.

Mnajua mimi na kisiwa cha Ukerewe. Miaka kumi na moja niko kiwandani nachambua pamba, mwili uko Mwanza, roho iko kule kisiwani, Nansio. Mashine zinanguruma, mimi naona ziwa la alfajiri limetulia kama uji uliopoa. Naona nyumba yangu ndogo, michungwa mlangoni, nami nimekaa tu. (Kukaa tu. Ndiyo kazi ninayoiweza hasa.)

Sasa juzi pakabandikwa tangazo kuhusu akiba ya uzeeni, ile tunayokatwa kwenye mshahara. Nikasoma mwenyewe, kwa macho yangu haya: mfanyakazi anayehamia ng'ambo moja kwa moja atalipwa akiba yake yote, hata kama hajazeeka.

Ng'ambo! Moja kwa moja! Nikasema, hapa wamenitaja mimi, bado jina tu.

Sikuuliza mtu. Leo asubuhi nikampelekea msimamizi wetu, Mzee Bwire, barua ya kuacha kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unaacha kazi uende wapi?"

"Ng'ambo, mzee. Sirudi tena."

Akainuka, akanipa mkono. Mzee Bwire, ambaye siku nyingine hata salamu anaitika kwa kukohoa! Nikadhani naye anaipenda Nansio.

Nikaenda ofisi ya akiba. Foleni ndefu, benchi gumu, mimi niko zangu kisiwani. Nimeshakula wali wa mchele mpya, nimejinyoosha barazani, upepo wa ziwa unaingia kwenye shati. Kumbe karani, dada mmoja mwenye miwani, ananiita mara ya tatu.

"Ndugu Magesa! Umelala?"

"Nipo, dada."

Akaisoma fomu yangu. "Unahama kabisa?"

"Kabisa."

"Pasi ya kusafiria unayo?"

"Nitakata bandarini siku hiyo hiyo." (Nilidhani tiketi imebadilishwa jina.)

"Bandarini? Huendi kwa ndege?"

"Ndege ya nini? Meli."

"Inachukua siku ngapi?"

"Saa tatu, dada. Ziwa likichafuka, nne."

Akaweka kalamu chini. "Ndugu, unahamia wapi?"

"Nansio."

Benchi zima likaangua kicheko. Mama mmoja mwenye kikapu cha dagaa akajishika mbavu: "Jamani eee! Kumbe mama mkwe wangu yuko Ulaya!"

Sikukubali kushindwa. "Dada, Ukerewe utafikaje bila kuvuka maji? Si ng'ambo hiyo?"

"Tangazo lina maana ng'ambo ya nje ya nchi, ndugu yangu. Akiba yako utaipata ukizeeka." Alikuwa anafuta machozi, na hayakuwa ya huruma.

Hapo ndipo nikaikumbuka barua. Mungu wangu! Akiba sina, na kazi nimeiacha kwa mkono wangu! Watoto wanne, kodi ya nyumba, na mke hajui lolote. Nikatoka mbio, jua la saa saba, viatu mkononi.

Kufika kiwandani, mashine zimezimwa. Wafanyakazi wote wako uwanjani, Mzee Bwire amesimama juu ya robota la pamba anahutubia. Kuniona tu, akaninyooshea kidole.

"Ndugu yetu huyu anakwenda Ulaya! Akatuwakilishe vizuri!"

Makofi. Vigelegele. Nikavalishwa koti zito la sufu, wamechanga wenzangu, eti huko kuna baridi. Jasho likanitiririka mpaka miguuni.

"Mzee," nikasema, "naomba ile barua yangu."

"Ya nini tena?"

"Ng'ambo yenyewe... ni Nansio."

Mzee Bwire akanitazama. "Nansio? Nansio ninakokwenda mimi kila mwisho wa mwezi kumwona mama?"

"Ndiyo hiyo, mzee."

Sijawahi kusikia watu mia wanacheka kwa pamoja. Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye hakucheka. Aliitoa barua mfukoni, akaichana vipande vinne, akasema, "Kesho saa moja kamili, kwenye mashine yako." Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nusura nilie.

Basi kazi ninayo. Ila nanyi mkiona tangazo limeandikwa ng'ambo, ulizeni kwanza: ng'ambo ya maji gani?