Wiki Niliyotia Krimu kwenye Karbonara

Jumatatu, 6 Oktoba

Naanza kuandika haya kwa sababu siku moja watu watataka kujua ilivyokuwa. Mimi ni Nevio, miaka kumi na saba, mkazi wa Garbatella, Roma, orofa ya nne, ngazi bila lifti. Mpishi. Shule ya hoteli na mimi tuliachana kwa amani mwaka wa pili. Amani ilikuwa yao zaidi.

Leo Shangazi Loredana kapiga simu kutoka Viterbo. Anauliza Bibi anakula nini siku hizi. Nikachungulia sebuleni. Bibi Ersilia yuko mbele ya televisheni na bakuli la supu ya tambi ndogondogo zenye umbo la nyota, ileile ya jana, ileile tangu Babu Oreste alipotutoka mwezi wa nne. Vijiko vichache, halafu bakuli linasukumwa pembeni. Nikamwambia Shangazi kwamba Bibi anakula kama mchimba mitaro. Akauliza nani anapika. Mimi. Unapika nini? Ulimi wangu una tabia ya kutangulia bila kuniaga. Nikasema karbonara, kila jioni, laini kama hariri.

Akasema vizuri sana, basi Jumapili wanakuja kula hiyo hariri. Yeye, mumewe na Manlio. Na baada ya chakula tutazungumza.

Najua watazungumza nini. Shangazi anataka kumhamishia Bibi Viterbo, kwenye nyumba ya chini yenye bustani. Si mtu mbaya. Huwa analia kwenye simu. Lakini nyumba hii itafungwa, na mimi nitapelekwa Piacenza kwa baba, anakoendesha mashine ya kuinua mizigo ghalani na kulala chumba kimoja na wenzake. Sina ubaya na Piacenza. Ila kuna ukungu, na Bibi hayuko.

Mpango: Jumapili wale, walambe sahani, waone nyumba inakwenda. Rahisi.

Tatizo dogo: sijawahi kupika karbonara.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepika. Vitu vyenyewe ni vichache, hata aibu kuviita mapishi: tambi, viini vya mayai, jibini ya kondoo, pilipili manga, na shavu la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, ambalo unalikaanga mpaka litoe mafuta. Unachanganya. Unakula. Sioni shule ya hoteli ilihitaji miaka mitano ya nini.

Nilimimina mayai kwenye kikaango, moto unawaka vizuri. Yakaganda papo hapo. Nikapata tambi zilizogongana na kiwanda cha mayai.

Bibi akauliza kutoka sebuleni nani anakaanga mayai saa hizi. Nikasema jirani. Akasema basi jirani kaazima kikaango cha babu yako, kwa sababu sauti yake anaijua. Hakuinuka kwenye kiti. Kutoka uani, Bi Iole wa chini, ambaye pua yake ingefaa uwanja wa ndege, akapaza sauti kuuliza kama kuna mtu anachoma kiatu.

Nimekula yote mwenyewe. Kiatu kina chumvi nyingi.

Jumatano, 8 Oktoba

Safari hii niliuogopa moto kabisa. Tambi zikapoa, mayai yakabaki mabichi, sahani nzima ikawa bwawa la njano. Ukiinua uma, linakufuata.

Na katika saa hiyohiyo Manlio ananitumia picha ya karbonara yake. Manlio ni binamu yangu, mtoto wa Shangazi. Alimaliza shule ya hoteli, anafanya kazi kwenye hoteli yenye zulia mlangoni, na ni shabiki wa Lazio, mahasimu wa timu yetu ya Roma, jambo ambalo peke yake lingetosha kumchukia. Anapika mayai kwa kipimajoto. Akauliza mimi natumia kipimajoto gani. Nikamjibu natumia kidole. Akasema basi Jumapili atakileta chake, nisije nikaungua. Nikamwambia akilete, tutakitumia kupima homa yake akishaonja yangu.

Bwawa nililimwaga chooni. Lilikataa kushuka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo ubongo wangu umefanya kazi ambayo wenye vyeti hawajaifanya: krimu.

Najua. Hapa Roma, kutia krimu kwenye karbonara ni jambo ambalo mtu anaweza kulimaliza kwa kuhama mtaa. Babu Oreste aliwahi kuacha kumsalimia shemeji yake miaka mingi kwa ajili hiyo. Ndiyo maana niliificha pakiti chini ya letusi. Mama wa dukani, Bi Tosca, akaiona hata hivyo. Akaniuliza ni ya kulia stroberi? Nikasema ndiyo. Akauliza stroberi gani za mwezi wa kumi. Nikasema za mawazo.

Lakini matokeo! Laini. Inang'aa. Moto uwashe, uzime, ucheze nao, haigandi ng'o. Hata mjinga angeweza, sembuse mimi.

Nilimpelekea Bibi sahani. Akasema weka hapo. Niliporudi ilikuwa palepale, tambi zimeshikana, na yeye anakitazama kiti cha Babu. Enzi zake Babu alikuwa hakai mpaka tambi ziive. Alisimama karibu na sufuria, anachomoa moja kwa uma, anaitafuna, anasema, "Dakika moja." Kila siku dakika moja, hata kama ziliiva zamani. Bibi alikuwa anamfukuza kwa mwiko.

Aproni ya Bibi bado inaning'inia nyuma ya mlango wa jiko tangu msiba. Kuna kitambaa kizuri cha kujipangusia mikono pale. Mimi nimejipangusia kwenye suruali.

Ijumaa, 10 Oktoba

Balaa. Pakiti ya krimu niliitupa kwenye pipa la uani. Nilisahau kwamba dirisha la Bi Iole linatazama mapipa, na kwamba Bi Iole huyakagua kama forodha. Adhuhuri alisimama katikati ya ua, kaishika pakiti kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, akataka kujua ni nani wa ngazi hii anayepika kwa kitu hiki, na kwa nini, na kama mama yake anajua.

Madirisha yote yakafunguka. Nikasema bila kutikisika: ni wale wanafunzi wa orofa ya pili, wanatoka Milano, kaskazini kunakopikiwa krimu.

Ua mzima ukasema aaa. Hakuna aliyeuliza swali la pili. Niliwaonea huruma wale wanafunzi kuanzia uani mpaka orofa ya pili, nikipita mlangoni kwao kwa ncha za vidole. Kufika ya tatu nilikuwa nimepona.

Fundisho: mapipa hayana siri. Jumapili pakiti itafichwa kwingine.

Jumamosi, 11 Oktoba

Bibi ameniomba nimshushie sanduku kubwa la safari kutoka juu ya kabati. Lile la bluu, walilokwenda nalo Sorrento walipooana. Nikamwambia la nini, hakuna anayekwenda popote. Akasema we mtoto, shusha.

Nikashusha. Akalipangusa vumbi polepole kwa kitambaa, pembe kwa pembe. Nikamwambia Viterbo kuna baridi. Akasema baridi ameishi nayo. Nikamwambia Shangazi anapika samaki mpaka anakuwa kadibodi. Akatabasamu kidogo, akasema hata babu yako alilijua hilo na akalinyamazia, na yeye ndiye aliyemzaa Loredana.

Kisha akasema, "Sasa nikikaa hapa, Nevio, nakaa kufanya nini? Nani ananihitaji? Jiko limelala."

Mimi nina mdomo mkubwa. Walimu wameuandika kwenye ripoti, kwa maneno mazuri zaidi. Leo ndipo ulipochagua kujifunga. Nikabaki nimeshika mpini wa sanduku, kama mtu anayesubiri treni.

Mwishoni nikasema kesho atakula karbonara ambayo hajawahi kuila. Hilo angalau si uongo.

Jumapili, 12 Oktoba

Naandika kwa utulivu, kwa sababu mambo makubwa huandikwa hivyo.

Kitambaa cha meza kilikuwa cha Krismasi, kingine sikukiona. Krimu niliimimina mapema kwenye glasi ya maziwa. Pakiti nikaisukuma ndani kabisa ya sanduku la bluu, chini ya shali. Mahali salama kuliko pote: mpango wangu ukifaulu, sanduku halifunguliwi. Watu wangapi wa umri wangu wanafikiri hatua mbili mbele?

Shangazi alipanda akihema, na kila orofa alisema "ngazi hizi" kwa sauti ya kuwafikia wa Vatikano. Nyuma yake mumewe, Renzo, mtu ambaye anakula na hasemi. Nyuma kabisa Manlio, viatu vinang'aa, kipimajoto mfukoni mwa shati kama daktari. Akataka kuingia jikoni. Nikafunga mlango. Nikasema fundi hapiki mbele ya watazamaji.

Nikatoka na sahani tano. Walikula. Naapa walikula. Renzo alipangusa sahani kwa mkate mpaka maua ya chini yakaonekana. Manlio aliinua uma kwenye mwanga, akaniuliza nimewezaje kuifanya laini hivi. Nikamwonyesha kidole. Shangazi alifuta machozi, akasema Babu angeona fahari. Sahani ya Bibi ilikuwa haijaguswa, lakini hakuna aliyeitazama ila mimi.

Kisha Shangazi akaweka mkono juu ya mkono wa Bibi. Akasema chakula ni kizuri, Mungu ambariki huyu mtoto, ila ngazi ni ngazi, na Mama amekonda. Wiki ijayo. Ataanza kupanga sweta leoleo.

Na akainuka, akaenda kwenye sanduku.

Nikasema kwanza kuna kahawa. Nikasema kuna nyigu ndani. Nilikuwa bado natafuta mnyama mwingine Shangazi alipoinua shali. Pakiti ikadondoka nayo na kumwaga matone ya mwisho kwenye kiatu cha Manlio.

Renzo ndiye aliyesema kwanza, neno lake la kwanza tangu Pasaka. "Krimu?" Akaitazama sahani yake safi kama mtu aliyesalitiwa. Manlio akafanya ishara ya msalaba. Shangazi akasema kwa hiyo kila jioni, Nevio, kila jioni umekuwa ukimlisha mama yangu hii?

Bibi akasema, "Nipeni miwani."

Akaisoma pakiti mbele na nyuma. Akaivuta sahani yake, akazungusha uma, akaonja. Akatafuna kwa muda mrefu.

"Ahsante Mungu," akasema, "Oreste umemchukua mapema."

Halafu akainuka. Sikuwa nimemwona akiinuka hivyo tangu mwezi wa nne, bila kushika meza. Akaenda nyuma ya mlango, akaichukua aproni, akaifunga. Akaniita. Manlio naye akaanza kufuata, na Bibi akamwambia yule mwenye kipimajoto abaki na wagonjwa wake.

Nilisimama kando yake. Akasema moto unazimwa, we bwege, unazimwa kabisa, kikaango kinawekwa pembeni, kinapumzika kama mtu. Ndipo mayai. Ndipo maji ya tambi, kidogo, tena kidogo, huku mkono hausimami. Mkono wake haukusimama. Na ile njano ikalainika yenyewe mbele ya macho yangu, bila chochote cha dukani. Kabla ya hapo alikuwa amechomoa tambi moja kwa uma, akaitafuna akiwa amesimama.

"Dakika moja," akasema. Hakuwa anaongea na mimi.

Tukala tena. Bibi alimaliza sahani yake. Shangazi hakula, alikuwa anamtazama mama yake akila.

Baadaye kidogo akajaribu kutaja tena wiki ijayo. Bibi akamkatiza. Akasema, jiko la baba yako nimwachie huyu? Aje awalishe watu krimu kwenye sufuria zangu, nami niko Viterbo nanusa maua? Siendi. Siku akijua kupika karbonara kama binadamu, nitawapigia simu mje kunichukua, sanduku liko tayari.

Shangazi alinitazama. Akaitazama pakiti. Akafunga sanduku.

Manlio alinong'ona mlangoni kwamba nimeaibisha ukoo. Nikamwambia kiatu chake kinanukia vizuri kwa mara ya kwanza.

Jumatano, 15 Oktoba

Masomo kila jioni. Mwalimu ana mwiko na anautumia. Hata ununuzi haniamini: asubuhi kashuka ngazi zote akaenda sokoni na Bi Iole kuchagua shavu la nguruwe, akapanda akilaani magoti yake, mwenye nyumba na mimi, kwa mpangilio huo. Bi Iole sasa anajua nani alipika kwa krimu. Wanafunzi wa orofa ya pili wameombwa radhi na ua mzima. Walishangaa sana.

Leo Bibi alikuwa sebuleni anatandika meza, sahani mbili. Mimi peke yangu jikoni. Nikazima moto. Nikaweka kikaango pembeni. Mayai, maji kidogo, tena kidogo, mkono hausimami. Na ikawa. Laini, inang'aa, inashika kila tambi. Niliitazama. Hata hoteli ya Manlio haijawahi kuiona.

Nikaligeukia sanduku la bluu kupitia mlango, liko palepale sebuleni, limefungwa.

Nikarudisha kikaango jikoni juu ya moto mkubwa. Nikasubiri mpaka yai likaganda mabonge.

Bibi kaingia. Akatazama mabonge. Akatazama moto. Akasema aliusikia ukizimwa. Nikasema umejiwasha wenyewe, jiko ni la zamani. Akapakua sahani mbili, akala yake yote, bonge kwa bonge, akajipangusa mdomo na kusema mimi ni mzito kuliko alivyodhani, hii itachukua miaka.

Shangazi kapiga simu. Kauliza kama nimejifunza chochote. Nikamwambia hata kidogo, Shangazi, hata kidogo. Bibi alikuwa nyuma yangu, anatikisa kichwa kukubali.

Kesho nikitoka nitapita kwa Bi Tosca nichukue krimu. Mabonge peke yake huenda yasitoshe.