Faili la Mama Robi

Method hakuwahi kupita mbele ya karatasi iliyobandikwa ukutani bila kuisoma, maana riziki yake ilikuwa humo. Asubuhi moja mjini Mugumu akakuta moja nje ya duka la vifaa vya shule: Kituo cha Mafunzo ya Upishi cha Mama Robi kinatafuta mtaalamu wa kuandaa programu ya cheti, ili iidhinishwe na chuo kikuu. Akaisoma mara mbili. Mama anataka cheti, chuo kiko mbali, na katikati hapo hakuna mtu. Jamani, nafasi kama hiyo unaiachaje?

Saa nne alikuwa kituoni, kavaa koti, kashika mkoba wenye magazeti mawili na mswaki.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Dokta Method wa chuo kikuu, kitengo cha kuidhinisha programu."

"Marahaba, mura," akajibu mwenye kituo, akimwita kijana kwa Kikurya. "Karibu chai."

Mama Robi alikuwa na miaka sitini na kitu, na miwani iliyofungwa kamba. Wasichana wake walipika vizuri, lakini kambi za watalii kule Robanda ziliwarudisha getini kwa kukosa cheti cha chuo kikuu. Mwaka huu watatu walirudi wakilia, akiwemo mjukuu wake Happy. Idhini isipopatikana kabla ya Januari, kituo kinafungwa. Alisema hayo yote bila kuficha, na Method akasikitika kwa sauti kubwa.

"Mimi naisukuma kwa wiki moja tu, mama. Ada ni milioni nne, unanipa mkononi. Benki zina mlolongo."

"Nitakupa. Faili likijaa."

"Faili gani?"

Mama Robi akatoa mwongozo wa kurasa arobaini, umepigwa mistari kwa kalamu nyekundu. "Si ninyi ndio mmeandika haya? Utafiti wa mahitaji ya waajiri. Kikao cha wadau. Mtaala, saa za kila somo, sifa za walimu, orodha ya vitabu. Kila kimoja kikiwemo, hela unaichukua siku hiyo hiyo." Akafungua kabati, akamwonyesha bahasha, akafunga.

Ilikuwa bahasha nene. Ukishaiona bahasha nene, ndugu msomaji, akili inakaa pembeni.

Utafiti aliuandika jioni ile ile, amelala kitandani gesti, uongo mtupu. Kesho yake Mama Robi akaomba namba za simu za hao waajiri. Ikabidi Method apande bodaboda mpaka Robanda, siku tatu, akihoji wapishi wakuu mmoja mmoja. Kikao nacho kilitaka wadau wa kweli, na wadau wa kweli hawakai kwenye kiti bila soda na nauli. Mama akasema hela ya kabatini haiguswi. Method akauza simu yake kubwa.

"Huu ni mtaji," akajifariji.

Wiki moja ikawa sita. Na hapo, haki ya Mungu, tapeli wetu akaanza kunogewa. Aligombana na Deus, mwalimu wa kituoni, kutwa nzima kama somo la supu linastahili saa ishirini au thelathini. Cheti kizima kilitaka saa elfu moja na mia mbili za kujifunza, naye alizipanga zote, mpaka za kuosha masufuria. Hata mama yake mzazi hakuwahi kumfanyisha kazi kiasi hicho.

Jumanne faili likajaa. Mama Robi alilisoma asubuhi nzima, akilamba kidole kila ukurasa.

"Umefanya kazi, mura."

"Sasa ile bahasha, mama."

"Ngoja kwanza, nina wageni." Nje gari jeupe lilikuwa linaegeshwa. "Wanatoka chuo kikuu, kitengo cha kuidhinisha programu. Tunaongea nao tangu mwezi wa pili, walikuwa wanangoja faili tu. Niliwauliza habari zako. Hawakujui."

Method akautupia jicho mlango.

"Mtaalamu wa kweli aliniomba milioni kumi na mbili," mama akaendelea kwa upole. "Mlango wa jikoni uko wazi, baba."

Method akatoka mbio. Angefika stendi salama, lakini dirisha la ofisi lilikuwa wazi, na alipopita chini yake akasikia mgeni anasema, "Huu utafiti umefanyika kweli. Hata sisi wenyewe hatuandiki hivi." Akasimama. Macho yakamlowa. Tangu azaliwe hakuwahi kusifiwa kwa kitu alichokifanya kweli.

"Ila saa hazitoshi," akasema mgeni wa pili. "Nahesabu mia tisa. Mia tatu hazipo. Itabidi tuirudishe, waanze upya mwakani."

Irudishwe! Akili ilimwambia Method akimbie. Akajikuta kichwa na mabega viko ndani ya dirisha.

"Zipo! Za mazoezi kambini! Jedwali la tatu, mzee, fungua nyuma!"

Mgeni akafungua nyuma, akajumlisha kwa kalamu, akajumlisha tena.

"Kweli zipo. Basi hii tunaipitisha." Akamgeukia yule wa dirishani. "Wewe ndiye uliyeandika?"

Method akamwangalia Mama Robi. Mama Robi akavua miwani, akaifuta taratibu kwa khanga.

"Ndiye huyu," akasema. "Na hataki hata senti. Amejitolea."

Mgeni akainuka, akaja mpaka dirishani, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mungu akubariki, ndugu yangu. Watu wa kujitolea siku hizi hawapo."

"Ameni," akasema Method.