Mipango Yangu Juu ya Nywele za Pengo

Jumapili, 8 Juni

Pengo amegoma! Nimeweka ubao juu ya mikono ya kiti, nimekung'uta kitambaa, nimefuta mashine kwa spiriti, nageuka, mtoto hayupo. Yuko mlangoni, ameng'ang'ania fremu kwa mikono miwili. Hanyolewi. Si leo wala siku nyingine. Anasema nywele fupi ni za wavulana, msichana mwenye nywele fupi si mrembo, na asiye mrembo hachezi harusi.

Nikauliza harusi gani. Kumbe huko chekechea wanacheza harusi kila siku baada ya chai, na binti yangu wa pekee, miaka mitano, meno ya mbele yameshang'oka lakini akili zote zipo, hupewa kazi ya askari wa getini. Aliomba kuwa bibi harusi. Wakamwambia hana nywele. Akaomba basi awe hata shangazi. Hana nywele. Askari hana hata neno la kusema katika mchezo wao. Anasimama tu.

Imeniuma. Mimi kinyozi. Asubuhi natoka hajaamka, jioni narudi amelala. Mchana hukaa hapa kwenye benchi akimsubiri mama yake atoke kazini, lakini mchana nina vichwa vya watu. Jumapili kabla sijafungua ndiyo saa yetu. Napunguza kidogo, mara nyingi hakuna hata cha kupunguza, naye ananisimulia wiki nzima: nani kamwaga maji, nani kang'atwa, nani si rafiki yake tena. Leo nimekaa kwenye kiti mwenyewe na kujitazama kwenye kioo. Mgongo unauma. Sijasikia habari ya mtu yeyote.

Lakini mimi si wa kukata tamaa. Samaki mkunje angali mbichi. Nimeanza kupanga.

Jumatatu, 9 Juni

Leo Pengo ameamka kabla sijatoka, na taulo kichwani. Taulo langu la kazi! Jeupe, la kufutia shingo za wateja. Amelibana kwa vibanio vya nguo, linaning'inia hadi kiunoni, na akigeuka analirusha begani kwa maringo ambayo sijui kayatoa wapi. Kanywa chai na taulo. Taulo nalo likanywa chai. Mama yake, ambaye ni mwokaji mikate na huamka kabla ya jogoo, akasema kwa uchovu kwamba tumwache tu, litamchosha lenyewe. Mke wangu ni mtu mwema lakini hana mikakati.

Mpango wa kwanza: picha. Nimepekua magazeti yote ya zamani ya wateja nikitafuta mwanamke mrembo mwenye nywele fupi. Kazi! Wote nywele zinaburuzika. Nikampata mmoja tu, kwenye tangazo la dawa ya meno. Nywele fupi, safi, kisogo kimepitiwa na mtu anayejua kazi yake. Nikambandika kwenye kioo. Pengo alipofika mchana akamkagua muda mrefu, kisha akauliza kwa nini amevaa hereni. Nikasema amependa. Akanisahihisha kwa upole kwamba hapana, amevaa ili watu wajue ni mwanamke, la sivyo wangekosea. Halafu akaomba hereni.

Nimembandua yule mama. Mteja mmoja amelalamika, alikuwa ameshamzoea.

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa pili: mfano wa mzazi. Mtoto hufuata anachokiona nyumbani, hilo halina ubishi. Jioni nikamkuta mke wangu amekaa, miguu kwenye beseni la maji ya moto. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba akinyoa zake, Pengo atamfuata. Nikaongeza kwamba nitamnyoa mwenyewe, bure.

Akanitazama. Akasema vizuri, atanyoa, ila kwanza mimi ninyoe ndevu.

Ndevu zangu! Nikamwambia aache mzaha. Ndevu ni kitu kingine kabisa. Mwanaume bila ndevu anafanana na nini? Wateja watanionaje? Watu barabarani watanichukuliaje? Na kidevu changu, kwa siri aijuayo Mungu peke yake, kiko karibu sana na shingo. Nikayasema haya yote kwa utulivu, hoja moja baada ya nyingine. Mke wangu akaanza kucheka. Akacheka hadi maji yakamwagika sakafuni. Nikamuuliza kinachochekesha ni nini. Akasema nyani haoni kundule. Nikamjibu kwamba hilo hasa ndilo ninalosema kila siku kuhusu watu wa mtaa huu.

Nikapiga deki mimi. Pengo alikuwa amelala, taulo limemfunika uso. Nikalisogeza pembeni ili apumue. Amefanana na mama yangu akilala. Nilikaa pale kidogo.

Jumatano, 11 Juni

Sasa nimefikia mahali pabaya. Leo nimekwenda kwa Kucha.

Kucha ni msusi. Tunatenganishwa na ukuta mmoja na uadui wa siku nyingi. Jina ni kwa sababu ya zile kucha zake, ndefu, kila moja na rangi yake. Redio yake haizimwi. Benchi lake linakula nusu ya kibaraza changu. Watoto wa kike wakipita anawagawia shanga, eti zawadi, na mimi namjua, ule ni mtego wa kutafuta wateja. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na Pengo husikiliza kila anachosema Kucha kama taarifa ya habari.

Mkono mtupu haulambwi. Nikamwahidi kumtengenezea soketi ya draya, ile mashine yake ya kukaushia nywele, inayomsumbua, naye amwambie Pengo kwamba nywele fupi ni nzuri. Akakubali haraka mno. Nilitakiwa kushtuka hapo.

Soketi nimeigusa tu. Kuigusa tu! Umeme ukazimika jengo zima, pamoja na mashine yangu, na kwenye kiti changu nilikuwa nimemwacha karani mmoja mwenye kikao saa nane, upande wa kulia amenyolewa, wa kushoto bado. Tukamalizia kwa mkasi. Hakushukuru.

Hata hivyo Kucha ni mtu wa neno lake, hilo nalikiri kwa shida. Mchana akamwita Pengo, akamkalisha, akamwambia kwamba nywele fupi ni nzuri sana, hata yeye zake ni fupi. Na ili kumthibitishia, akavua wigi.

Pengo hakulia. Ingekuwa heri angelia. Akakitazama kile kichwa, akalitazama wigi mkononi, akawaza. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyegundua siri ya dunia, kwamba basi ukiwa na nywele fupi unaficha. Kila mtu anaficha. Akalikaza taulo lake.

Kucha naye akaliweka wigi mapajani. Akasema kwamba alipokuwa mdogo kama Pengo walimwita kaka mwaka mzima, na hajui kwa nini bado anakumbuka. Nilimwambia soketi nitairudia wiki ijayo. Akasema hapana, asante.

Ijumaa, 13 Juni

Mpango wa nne, na huu ni mkubwa. Chekechea wana siku ya wazazi kueleza kazi zao. Nimejitolea. Sikulala vizuri kwa kufikiria, ila nilijua kabisa nitakachofanya: nikiwashika watoto wote kwa mpigo, wakapenda kunyoa, harusi itakufa yenyewe.

Nimebeba ubao, kitambaa, brashi na mashine moja mbovu isiyo na waya. Nimewaonyesha jinsi ya kufunga kitambaa bila kumkaba mtu. Nimewaruhusu waguse brashi, wakapakana mashavuni, vicheko tele. Mwalimu wao, binti mdogo mwenye macho ya mtu aliyechoka tangu Jumatatu, akapendekeza wacheze kinyozi. Ushindi! Harusi haikutajwa hata kidogo.

Na kinyozi akawa nani? Pengo! Wengine hawakujua pa kuanzia, yeye anajua kila kitu. Akavua taulo mwenyewe, bila kuambiwa, akamfunga nalo mvulana wa kwanza shingoni. Moyo wangu ulinidunda. Kichwa wazi, mbele ya darasa zima, na hakuna aliyecheka. Walipanga mstari kwake!

Jambo moja tu lilinisikitisha. Pengo alikuwa anafanya sauti nzito, sijui anamwiga nani. Mvulana akimaliza, anampiga kofi la mgongoni na kumwambia haya dume, toka ukajionyeshe. Mmoja aliposema brashi inamwasha, Pengo akamwambia aache mambo ya kike. Kisha akaja msichana kukaa kitini. Pengo akamzuia kwa mkono. Akamwambia mrembo, hapa umepotea, hapa ni kwa wanaume, nenda ukuta wa pili. Yule msichana akainama, mdomo unatetemeka. Pengo akamwambia asinune, atazeeka uso, halafu nani atamuoa.

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilijisikia vibaya sana. Mtoto wa miaka mitano! Anayapata wapi maneno haya? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hapa kuna mtu anawalea vibaya.

Mwalimu akanisogelea na kuniuliza taratibu kama Pengo hukaa sana mahali penye wanaume wakinyolewa. Nikamwambia hukaa kwangu kila mchana, ila kwangu ni mahali pa heshima, hakuna matusi. Akauliza kama nimesikia maneno aliyoyasema mtoto. Nikamwambia nimeyasikia na yamenikera, na kwamba huenda ameyaokota kwa yule kinyozi wa karibu na stendi, mtu asiye na adabu kabisa. Mwalimu akafumba macho kidogo. Akaniambia nifikirie tena nikifika nyumbani. Nikamwahidi nitafikiria, na nimefikiria. Ni yule wa stendi.

Lakini taulo limerudi! Limejaa sabuni na tope, ila limerudi.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi. Nimefika dukani na Pengo, sikumgusia lolote. Nilifagia. Nilipanga vitana. Nikasikia ubao ukiburutwa. Ameuweka mwenyewe juu ya mikono ya kiti, ukakaa upande, akapanda.

Akanipa sharti moja: nimnyoe, lakini nisiseme kitu. Sikuelewa kwa nini. Mimi ni mtu wa maneno mazuri, wateja wananipendea hilo. Lakini ningekubali hata kunyoa macho yamefungwa. Nikawasha mashine. Nikapita taratibu nyuma ya masikio, pale panapomtekenya, naye akaanza. Bibi harusi wa wiki iliyopita amepata mafua. Wanacheza kinyozi tu sasa. Kuna mtu kameza kifungo na mwalimu kasema tusubiri. Yeye, Pengo, si askari tena. Hasimami getini.

Nililia. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilijifanya nywele zimeniingia jichoni. Wiki nzima ya uchovu iliniteremka kama mzigo. Nikampangusa shingo, nikamgeuzia kioo. Akajitazama mbele, akajitazama pembeni, akapitisha kiganja kichwani kutoka nyuma kuja mbele. Akatabasamu, pengo lote nje. Akaenda kukaa benchini, ametulia, na mimi nikafungua duka nikiwa mtu mpya.

Jioni. Sijui nianzie wapi.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja na mwanawe, mvulana wa miaka kama minne, nywele zimefika mabegani, laini, zimechanwa vizuri. Mama yake alitaka zipunguzwe tu nyuma ya sikio, ana upele pale. Mtoto alikuwa anaogopa mashine. Mimi nina njia zangu na watoto waoga. Nikamtania kidogo, nikamwambia tuzitoe zote, maana akitembea na nywele hizi watu watamsalimia kama dada. Hakucheka. Nikatafuta mfano wa karibu ili apate moyo. Nikamwonyesha Pengo pale benchini. Nikamwambia, unaona kichwa kile? Ukinyolewa vile, hapo ndipo unakuwa mwanaume kamili!

Mama yake akamshusha kwenye kiti na kuondoka naye. Hakuaga. Watu siku hizi hawana uvumilivu.

Nilipogeuka, Pengo alikuwa ameweka mikono yote miwili kichwani, kama mtu anayejikinga na mvua. Nikamuuliza nini. Akashuka, akatoka, sikumwita, nikidhani anakwenda kukojoa.

Nikamkuta kwa Kucha, amekaa sakafuni katikati ya magoti yake. Alikuwa anauliza nywele zikikatwa zinachukua muda gani kurudi, na kama zinaweza kurudi kabla ya kesho. Kucha alikuwa amezima redio. Kucha! Nikamwambia Pengo twende, nimnunulie chochote anachotaka. Hakunitazama. Nikamuuliza Kucha mtoto kapatwa na nini. Akaniambia nirudi dukani kwangu, yeye atamleta jioni.

Mke wangu amekuja kumchukua, wamerudi nyumbani wameshikana mikono mbele, mimi nyuma na mfuko wa mataulo machafu. Pengo amesema Jumapili ijayo atakwenda kazini na mama yake, kutazama mikate. Na ile nyingine pia.

Nimewaza jioni nzima na kichwa kinaniuma. Asubuhi mtoto alikuwa mzima, mwenye furaha, kwenye kiti changu. Hapa katikati hakukutana na mtu yeyote isipokuwa mimi. Kwa hiyo sumu aliipata mapema zaidi, na naijua ilikotoka. Ni ile chekechea. Kesho namhamisha. Na huko kwingine nitajitolea tena siku ya wazazi, niwaonyeshe kazi tangu mwanzo, kabla mtu hajawaharibu.