Shingo Yangu na Puti ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Tabibu wa migongo ameniagiza niandike maumivu yangu kila siku. Haya. Maumivu yangu yana miguu miwili, kitambi, na gereji ng'ambo ya barabara. Ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu.

Niliacha shule darasa la tatu, lakini hili nitaliandika vizuri. Wiki iliyopita nilikuwa njia panda na pikapu yangu, mke wangu kando yangu, tunangoja malori yapite. Tumesimama! Shemeji akatokea nyuma na gari la mteja, eti anajaribu breki. Breki zikajaribiwa. Hazikushika. Tangu siku hiyo shingo yangu haigeuki. Nikiitwa, nageuka mzima kama kabati linahamishwa.

Na kazi nilimfundisha mimi! Kunyoosha bodi za magari, kwa nyundo, moto na uvumilivu. Bati nililolinyoosha mimi, lipapase ukiwa umefumba macho, hutajua lilibonyea wapi. Yeye alijifunza miezi michache akaona yatosha. Gari likibonyea hagongi. Anajaza puti, ule uji mzito wa kopo unaoganda kama jiwe, anapiga msasa, anapuliza rangi, anaita hiyo kazi. Watu wanamwita Bwana Puti na yeye anaitika, hana haya.

Sasa pikapu yangu iko kwake. Amesema kwa kuwa yeye ndiye aliyeigonga, yeye ndiye atakayeitengeneza. Binti yangu mkubwa akakubali, mimi nikiwa hospitali napigwa picha. Wakasema hakuna mfupa uliovunjika. Moyo hawakuupiga picha.

Binti huyohuyo amechukua ufunguo wa gereji yangu. Anasema atanirudishia siku Tabibu atakapompigia simu kwamba shingo inageuka pande zote mbili. Shemeji anaanza kazi Ijumaa. Basi kabla ya Ijumaa shingo itageuka, nami nitaichukua pikapu yangu niinyooshe mwenyewe. Nimenyoosha mabasi mimi. Shingo ni kitu gani.

Jumanne, 4 Machi

Kliniki. Tabibu ni msichana, rika la mjukuu wangu wa kwanza. Mikono midogo kama ya fundi saa. Nikamwuliza nyundo yake iko wapi, akacheka. Sikuwa natania.

Akanilaza kifudifudi kwenye kitanda chenye tundu la kuingiza uso. Mtu mzima na heshima zangu, nimetumbukiza uso tunduni, natazama viatu vya mtoto wa watu. Akapapasa pingili moja baada ya nyingine, ananiambia pumua. Nikapumua. Akabonyeza mahali fulani chini ya shingo, pakalia ko! Akasema ni kawaida. Nikamjibu kwamba kwenye gari, fundi akisikia ko hasemi ni kawaida, anatafuta kilichokatika.

Akaniambia, "Babu, mimi sijakunyoosha. Nimekulegeza tu. Kunyooka utanyooka mwenyewe, kwa mazoezi."

Mazoezi yenyewe: kaa kitini, shusha mabega, geuza kichwa polepole kulia, ngoja, polepole kushoto. Asubuhi, mchana, jioni. Kuku anafanya hayo siku nzima na hakuna anayemwita mgonjwa. Hiyo ni puti! Kupakaza juujuu! Mke wangu alikuja naye apimwe. Akayasikiliza yote na kuitikia kwa kichwa. Yeye anaweza kuitikia kwa kichwa.

Lakini macho yangu hayakuumia. Nimekiona kipimo. Tabibu anakukalisha kwenye kigoda, anasimama nyuma yako, anakuambia mtazame. Na kigoda kile kinazunguka! Kina magurudumu na shina la chuma, ukikisukuma kwa kidole cha mguu kinakwenda chenyewe. Kipimo kingine ni Alhamisi. Nimelala nikitabasamu, kwa upande mmoja, upande wa pili unauma.

Jumatano, 5 Machi

Hasira tupu.

Nilikwenda kwa kinyozi kufanya mazoezi ya kuzunguka, maana kiti chake kinazunguka na lile shuka lake linaficha miguu. Nikamwambia sitaki kunyolewa, nataka kukaa. Akasema hapa si kituo cha basi. Basi ninyoe. Nywele zilizobaki hazikumchukua muda. Nikawa nazunguka chini ya shuka, kidogo kulia, kidogo kushoto, naye kila akileta mashine sikio halipo. Akaniuliza kama nina minyoo.

Mara akanigeuza mwenyewe kwenye kioo. Ndani ya kioo nikaona barabara, ng'ambo ya barabara, gereji ya shemeji. Na pikapu yangu! Mlango wa nyuma umeng'olewa rangi. Shemeji amechuchumaa na kibati na kopo, anakoroga. Anapaka! Leo Jumatano! Ijumaa ilikwenda wapi?

Nikainuka na shuka lake shingoni. Kinyozi akanivuta, mashine ikapita katikati ya kichwa. Sasa nina barabara kichwani, na hasira haina pa kupita.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa kitini dirishani, mabega chini, anageuza kichwa kulia, anangoja, anageuza kushoto. Nikamwambia aache, ananitia kizunguzungu. Akamaliza kwanza upande wa kushoto ndipo akaniuliza kichwa changu kimepatwa na nini.

Alhamisi, 6 Machi

Nilivaa koti langu refu la mvua. Jua kali, lakini linafika chini na linaficha miguu. Tabibu akaniambia nilivue. Nikasema nina baridi ya mifupa. Akaandika kitu.

Nikakaa kigodani. Akasimama nyuma, akasema mtazame. Nikasukuma kwa kidole cha mguu. Laini! Kama mlango uliopakwa grisi. Nikamwona bega lake, nikamwona kidevu, nikamwona uso wote, macho kwa macho. Nikamuuliza kama ameridhika.

Akasema ameridhika sana, ila vifungo vya koti navyo vinamtazama.

Basi akanishika mabega yote mawili na vile vidole vyake, kumbe ni vya chuma, akasema tena. Kichwa kikakataa. Kikakataa kulia, kikakataa kushoto, nikabaki natazama mbele kama picha ya kitambulisho. Akaniuliza mazoezi nimefanya mara ngapi. Nikamwambia mimi si kuku. Akasema nirudi wiki ijayo, na wiki nyingine baada ya hiyo, na nisiendeshe gari, kwa kuwa asiyeweza kutazama nyuma hawezi kurudi nyuma. Tena akampigia simu binti yangu mbele yangu! Mtoto yule ana dharau, na kinachoniudhi zaidi, ana adabu.

Ijumaa, 7 Machi

Kama Tabibu hataki kuninyoosha, nitajinyoosha. Bodi ikikunjika unaifunga mnyororo, unafunga mnyororo kwenye nguzo, unaivuta ilikotoka. Kila fundi anajua. Mnyororo uko gerejini na gereji imefungwa. Nikachukua taulo. Nikalipitisha chini ya kidevu hadi kisogoni, ncha nikazifunga kwenye kitasa cha mlango wa sebuleni. Nilikuwa nimekwisha pima. Ningejivuta kidogo, taratibu, kwa akili.

Mlango ukafunguliwa kwa nje.

Nikatoka nao. Nilisafiri kwa magoti hadi ukumbini, nikasimama mbele ya viatu vyenye vumbi jeupe la msasa. Shemeji. Amekuja kumjulia hali dada yake, mkononi ameshika mfuko wa machungwa.

Akanitazama pale chini. Akasema, "Shikamoo, shemeji. Kuna kitu umedondosha?"

Marahaba sikuitikia. Nikamwambia atoe mikono kwenye pikapu yangu. Akasema amekwisha maliza kupaka, kesho anapuliza rangi, na nikiiona nitalia kwa furaha. Mke wangu akamkaribisha chai! Wakakaa wanakunywa, mimi nafungua fundo na taulo limekaza.

Alipoondoka nilimweleza mke wangu yote. Kwamba ndugu yake amenivunja shingo, ameniharibia gari, na sasa anakunywa chai yangu. Akaendelea kukusanya vikombe mpaka nikachoka. Kisha akasema, "Mimi pia nilikuwa ndani ya gari lile. Hujaniuliza hata siku moja."

Nikaona ni kweli, nikamwuliza. Akasema ilimuuma sana usiku wa siku tatu za mwanzo, hata kulala alilala ameketi, na sasa hajambo, shingo yake inageuka. Kwa yale mazoezi. Akageuza kulia, akageuza kushoto, nione.

Nilikasirika upya. Amepona bila kuniambia! Mwezi haujaisha amenipita!

Akaenda kulala. Aliniachia chungwa moja, amekwisha limenya.

Jumamosi, 8 Machi

Andika, mzee, andika.

Mchana shemeji hufunga kazi akale. Nikavuka barabara. Uani kwake hakuna mtu. Pikapu yangu imeelekezwa ukutani, mlango wa nyuma umepakwa puti ya kijivu, laini kama uso wa mtoto, haijapulizwa rangi. Nikaupapasa. Uongo mtupu! Chini yake bati bado limebonyea vilevile, nalijua, linaniita.

Pikapu yangu haiwashwi kwa ufunguo. Inawashwa kwa bisibisi, na bisibisi ninatembea nayo. Ikawaka mara moja, inanijua. Ilibaki kurudi nyuma tu hadi barabarani. Vioo vya pembeni alikuwa ameving'oa ili rangi isiviguse. Kichwa nacho hakigeuki. Lakini mimi nimeendesha gari tangu Tabibu hajazaliwa, mama yake hajazaliwa. Ua ule naujua. Nilimpangishia mimi alipoanza kazi. Nikaweka gia ya nyuma, nikaachia.

Kishindo.

Kumbe nyuma yangu lilikuwa lile gari la mteja, lile la breki. Na shemeji hakuwa amekwenda kula. Alikuwa amekaa ndani yake, anakula.

Kisha nikasikia kitu kizito kinaachia, kinadondoka chini, pu! Nikashuka. Puti yote! Imetoka kipande kimoja kizima kama kifuniko cha sufuria! Nikaiokota nikaiinua juu. Watu walikuwa wamejaa. Nikawaonyesha, huku na huku, nikizunguka mzima. Tazameni kazi ya Bwana Puti! Gari limeguswa tu, kazi imekimbia!

Hakuna aliyeitazama puti. Walimtazama shemeji. Alikuwa ameshuka, mchuzi umemwagika kwenye shati, mkono uko kisogoni. Aliitwa na kinyozi kutoka upande wa kulia. Akataka kugeuka. Hakuweza. Akageuka na miguu.

Sikucheka. Nilitaka, lakini mke wangu alikuwa amefika.

Jumapili, 9 Machi

Kikao cha ukoo sebuleni kwangu. Binti yangu mkubwa mwenyekiti. Sikupewa nafasi ya kusema, nikasema hivyohivyo. Nikaleta kile kipande cha puti kama ushahidi. Mke wangu akakichukua, akaegemezea mlango unaojifunga wenyewe.

Shemeji alisema haoni kwa nini wote wananitazama mimi kwa huruma wakati mgonjwa ni yeye. Nikamwambia mimi niliumwa kwanza. Akasema yeye ameumwa zaidi. Nikamwambia hata kuumwa nilimfundisha mimi.

Uamuzi: gereji zote mbili zimefungwa, yangu na yake. Funguo anazo binti. Pikapu itabaki pale ilipo, hakuna wa kuigusa, kwa nyundo wala kwa puti, mpaka shingo zetu zote mbili zigeuke, na Tabibu athibitishe. Mke wangu aliulizwa kama ana neno. Akasema hana, ila kesho yeye hatatupeleka kliniki, ana shingo nzima na kazi zake.

Jumatatu, 10 Machi

Tulikwenda pamoja, mimi na shemeji, kiti cha nyuma cha gari la binti, kila mmoja anatazama mbele.

Tabibu alipotuona wawili alikaa kwanza. Kisha akatukalisha kwenye viti viwili visivyozunguka, akatuambia tufanye mazoezi pamoja, polepole, mabega chini, kila mtu aishie pale shingo inapomwishia. Akarudia kwamba haya si mashindano.

Tukaanza kulia. Shemeji akafika kwenye ile picha ya mifupa ukutani. Nikafika kwenye picha. Akasogea hadi dirishani. Nikasogea dirishani. Akafumba macho, akafika kwenye pazia. Tabibu akasema basi, inatosha. Shemeji aliacha. Mwoga tangu utoto. Mimi nikashusha bega, nikauma meno, nikalipita pazia nikaufikia mlango!

Ko.

Ile haikuwa ya Tabibu. Ilikuwa yangu mwenyewe, bila kubonyezwa na mtu. Nikamwuliza ameona? Akasema ameona, sasa rudi katikati. Nikarudi. Mwili ulirudi, kichwa kilibaki mlangoni. Akanikanda, akaniwekea kitambaa cha moto. Kichwa bado kinaangalia mlango. Amesema kitarudi chenyewe, majuma mawili au matatu, nisikilazimishe, na kwa jina la wazazi wangu nisikifunge taulo.

Shemeji alinishika mkono mpaka garini ili nisigonge ukuta. Njia nzima nilikuwa namtazama yeye, kichwa hakina pengine pa kwenda. Alijitahidi asicheke. Hakuweza.

Naandika daftari likiwa kwenye kizingiti cha dirisha la kulia. Mke wangu ameketi kushoto. Najua amefanya makusudi, nasikia anavyomenya chungwa.

Lakini niliona karatasi ya Tabibu kwa jicho langu. Upande wa kulia ameandika: anafika, na kupita. Na kupita! Kushoto ndiko bado. Kwa hiyo nusu ya kipimo nimeshinda, hakuna wa kubisha. Gereji yangu ina milango miwili. Kesho namwambia binti anifungulie ule wa kulia.